Daraja la Mawe la Bordeaux na gati zake: miaka 200 juu ya maji yanayojaa na kupwa

Mwezi Agosti mwaka 2017, mji wa Bordeaux ulioko kusini-magharibi mwa Ufaransa uliwazuia wenye magari ya kibinafsi kupita juu ya daraja lake kongwe kuliko yote. Lilianza kama jaribio. Mwaka uliofuata likawa agizo la kudumu. Leo juu ya Daraja la Mawe hupita tramu, mabasi, baiskeli na waendao kwa miguu. Mwenye gari lake azunguke, atafute daraja jengine.

Hawakukosekana walionung'unika, na si ajabu. Hili ndilo daraja lililokuwa njia ya pekee ya gari kuvuka mto mjini hapo kuanzia 1822 hadi 1965. Vizazi vitano au sita vililitumia kwa mikokoteni, farasi, tramu za kale, kisha malori na teksi. Lakini ni daraja linalolindwa kwa sheria ya turathi, na limekaa juu ya tope. Hayo mawili ukiyaweka pamoja, swali la nani apite juu yake linakuwa zito.

Sisi wa Pwani neno "kulindwa" tunalisikia sana. Mji wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, Fort Jesus ikafuata 2011. Kibao hutundikwa, wageni wakaja, na baada ya hapo ni wachache wanaoeleza kulindwa kunamaanisha nini siku ya Jumatatu asubuhi, watu wanapotaka kwenda kazini. Bordeaux inafaa kuangaliwa kwa sababu huko jambo hilo limefanywa kwa miaka mingi, mazuri yake yanaonekana, na mapungufu yake pia.

Mto wenye bamvua

Mto wa Bordeaux unaitwa Garonne. Mji uko karibu kilomita 100 kutoka baharini, lakini mtu wa Mombasa akisimama ukingoni pale atayajua maji hayo mara moja. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, tofauti baina ya maji makuu na maji madogo hupita mita nne. Mkondo ni mkali, na maji yana rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya tope linalopelekwa juu na kurudishwa chini kila siku. Kujaa huchukua muda mfupi kuliko kupwa, kwa hiyo maji yanayopanda huja kwa kishindo. Juu zaidi ya mji, siku za bamvua kubwa, maji yanayojaa huingia mtoni kama wimbi moja refu, na vijana hulipanda kwa mbao za kuteleza.

Mbele ya mji mto unapinda kama hilali. Ndiyo maana bandari ikaitwa Bandari ya Mwezi, na nembo ya mji ina hilali tatu zilizofungamana. Kwenye ule mkunjo, upande wa kushoto wa mto, ndiko ziliko gati za zamani pamoja na nyumba za mawe za karne ya 18. Ng'ambo, upande wa kulia, ni mtaa wa La Bastide, ambao mpaka mwaka 1865 haukuwa hata sehemu ya mji.

Kabla ya daraja, watu walivuka kwa mashua. Anayevuka Likoni kila siku hahitaji kuelezwa hali hiyo: foleni, upepo, maji, na siku ambayo chombo hakitoki. Mwaka 1808 majeshi ya Napoleon yaliyokuwa yakielekea Uhispania yalikwama kwenye kivuko hicho hicho, yakabidi yavushwe kwa vyombo kidogo kidogo. Mfalme akaamuru daraja lijengwe.

Kujenga juu ya tope

Kuamuru ni rahisi. Kitanda cha Garonne hapo ni mchanga na tope, mwamba uko chini sana, na mkondo huchimba chochote kinachosimama mbele yake. Mpango wa kwanza ulikuwa daraja la mbao. Baadaye ikafikiriwa nguzo za mawe zenye matao ya chuma. Kazi ilianza, ikasimama, Napoleon akaanguka mwaka 1815 na daraja bado halijaonekana. Mhandisi Claude Deschamps, akisaidiwa na mkwewe Jean-Baptiste Billaudel, ndiye aliyelimaliza, akachagua mawe na matofali ya kuchoma. Lilifunguliwa tarehe 1 Mei 1822, wakati ufalme ulikuwa mikononi mwa Louis wa Kumi na Nane. Fedha zilitolewa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara waliounda kampuni na kupewa haki ya kutoza ushuru kila anayevuka. Ushuru huo haukufutwa mpaka miaka ya 1860.

Urefu wake ni mita 487 na lina matao 17. Waongozaji wa wageni hupenda kusema kwamba matao ni 17 kwa sababu herufi za jina Napoléon Bonaparte ni 17. Hesabu ni sahihi, zihesabu mwenyewe. Ila mipango ilibadilishwa zaidi ya mara moja, na lililojengwa lilimalizwa chini ya mfalme aliyekuwa adui wa Napoleon. Hadithi ni tamu, mimi siiamini.

Kinachostahili kusifiwa zaidi hakionekani kwa anayepita juu. Chini ya kila nguzo kuna mamia ya miti ya msonobari iliyopigiliwa kwenye tope, sawa na mtu anavyopigilia boriti ufukoni kabla ya kujenga. Kuwafikisha mafundi chini ya maji, Deschamps alitumia kengele ya kuzamia, yaani chombo kikubwa cha chuma kilichofunikwa kifudifudi na kubakiza hewa ndani, kilichotoka Uingereza. Halafu akalifanya daraja lenyewe kuwa jepesi kadiri ya uwezo: ndani ni tupu. Juu ya matao, chini ya barabara, kuna vyumba na njia za matofali ambazo mtu anaweza kupita. Unayemwona kama jitu la mawe ni, kwa kweli, sanduku.

Wepesi huo ulisaidia lakini haukumaliza tatizo. Mkondo unachimba tope kando ya nguzo, miti inapoteza mshiko, na nguzo hushuka polepole. Tangu miaka ya 1990 wahandisi wamekuwa wakitoboa nguzo za zamani kutoka juu hadi chini na kupitisha ndani yake nguzo nyembamba za chuma na saruji, mpaka zifike kwenye tabaka gumu. Mawe makubwa hutupwa mtoni kuzunguka misingi ili mkondo usichimbe. Kazi hii haina mwisho. Hupimwa, hurekebishwa, hupimwa tena, na fedha yake hutoka kila mara bila ya kuwa na utepe wa kukata.

Daraja liliandikishwa kuwa mnara wa kihistoria wa Ufaransa mwezi Desemba 2002. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2003, tramu ya kisasa ikaanza kupita juu yake. Hapo pana jambo la kujifunza. Watunza turathi hawakutaka nguzo na nyaya za umeme zikate sura ya mji wa kale, basi tramu ikatengenezewa umeme unaotoka kwenye reli ya tatu iliyolazwa katikati ya njia, inayopata nguvu pale tu tramu inapokuwa juu yake. Miaka ya mwanzo mfumo huo uliharibika mara nyingi, na abiria waliteseka. Wenyeji hawakurudi kwenye nyaya. Walitengeneza mpaka ikakubali, na miji mengine ikaja kuiga.

Mtu atauliza: ikiwa shida ni uzito, tramu si nzito kuliko gari? Ni nzito. Lakini tramu moja huvusha mamia ya watu, hupita kwa mpango, na wahandisi wanajua uzito wake na saa yake. Foleni ya magari iliyosimama juu ya daraja kuanzia asubuhi hadi jioni ni mzigo usio na hesabu. Mji ulichagua wengi wavuke kwa nafasi ndogo. Na uliweza kuchagua hivyo kwa sababu madaraja mengine yapo: la Saint-Jean tangu 1965, la Aquitaine 1967, la Chaban-Delmas 2013, na la Simone Veil lililofunguliwa mwaka 2024. Bila ya hayo, agizo la 2017 lingekuwa dhuluma kwa watu wa La Bastide.

Usiku ambao gati zilinusurika

Mwezi Agosti 1944 jeshi la Ujerumani lilikuwa linajiandaa kuondoka Bordeaux. Amri ilikuwa bandari ivunjwe yote, kilomita nyingi za gati zitiwe baruti, ili anayekuja asikute mahali pa kufunga meli. Vilipuzi na viwashio vilikuwa vimehifadhiwa kwenye ghala la zege katika barabara ya Raze, mtaa wa Chartrons, hatua chache kutoka mtoni.

Mwanamaji mmoja Mjerumani, Heinz Stahlschmidt, fundi wa mabomu, ndiye aliyekabidhiwa sehemu ya kazi hiyo. Tarehe 22 Agosti aliliripua ghala lenyewe. Wanajeshi wa upande wake walikufa katika mripuko huo, na yeye akajificha kwa Wafaransa waliokuwa wakipambana na uvamizi. Gati zikabaki. Mji ulikombolewa siku chache baadaye.

Alikaa Bordeaux maisha yake yote, akachukua uraia wa Ufaransa na jina la Henri Salmide, akafanya kazi ya zimamoto bandarini. Kwa Wajerumani alikuwa msaliti, na kwa Wafaransa wengi alikuwa Mjerumani tu. Nishani ya taifa hilo, Légion d'honneur, alipewa mwaka 2000, miaka 56 baada ya tendo lake. Alifariki 2010. Watalii wanaopiga picha kwenye gati zile ni wachache wanaolijua jina lake.

Gati baada ya makuli kuondoka

Gati zenyewe zina historia yao mbali na daraja. Katika karne ya 18 sehemu kubwa ya ukingo ulikuwa mteremko wa tope: meli zilitia nanga katikati ya mto, na shehena ikashushwa kwa mashua, namna jahazi zilivyokuwa zikipakuliwa maji yanapokuwa madogo. Kuta za wima za gati zilikuja karne ya 19. Nyuma yake, mbele ya mto, ukajengwa ule uwanja maarufu uitwao Place de la Bourse, kazi ya msanifu Jacques-Ange Gabriel na baba yake, uliokamilika mwaka 1755. Upande mmoja wa uwanja huo ulikuwa nyumba ya forodha, na mpaka leo kuna makumbusho ya forodha humo. Kwa ufupi, ni Forodhani yao.

Meli zilipokuwa kubwa, bandari ilihama. Daraja la Mawe lilikuwa tayari limekata njia ya milingoti kwenda juu, na upande wa chini kina kilikuwa hakitoshi. Kazi ikasogezwa Bassens na karibu na mlango wa bahari. Kufikia miaka ya 1980 gati za katikati ya mji zilikuwa na maghala matupu, uzio wa chuma na magari yaliyoegeshwa. Watu waliishi mita hamsini kutoka mtoni bila ya kuuona mto.

Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990, wakati Alain Juppé akiwa meya, maghala mengi yalivunjwa, machache yakaachwa, na msanifu wa bustani Michel Corajoud akaupanga ukingo kuwa mahali pa kutembea. Mwaka 2006 ukafunguliwa mbele ya Place de la Bourse uwanja wa mawe meusi wenye maji ya sentimita mbili tu, mita za mraba 3,450, unaoakisi majumba kama kioo. Watoto huchezea humo wakati wa joto. Mwaka uliofuata, Juni 2007, UNESCO ikaingiza eneo la hekta 1,810 kwenye orodha ya Urithi wa Dunia kwa jina la Bordeaux, Bandari ya Mwezi.

Ni pazuri, sikatai. Lakini tuseme kilichotokea bila ya kuficha: gati zililindwa baada ya kazi kuondoka. Hakuna kuli, hakuna mpima mizigo, hakuna fundi wa meli. Palipokuwa na jasho pana mikahawa. Wafaransa hawakuhitaji kuchagua baina ya turathi na riziki ya bandarini, kwa sababu riziki ilikwisha kwenda zake kabla ya turathi kuingia. Sisi hali yetu si hiyo. Lamu ina mji unaolindwa na, tangu Mei 2021, gati ya kwanza ya bandari mpya ambayo UNESCO imeizungumza kwa wasiwasi mara kadhaa. Wavuvi na manahodha wa pale wangali kazini. Anayetuletea picha ya Bordeaux na kusema "fanyeni hivi" hajatazama nani hayumo kwenye picha.

Hata Bordeaux walijifunza kwamba orodha ina masharti. Walipopanga daraja la Chaban-Delmas, UNESCO ilihoji kama sura ya bandari haitaharibika. Dresden, mji wa Ujerumani, ulifutwa kwenye orodha mwaka 2009 kwa sababu ya daraja moja jipya juu ya mto wake. Bordeaux wakajenga daraja ambalo sehemu yake ya katikati hupanda juu kama lifti, ili merikebu na meli za watalii ziendelee kufika kwenye gati za kale. Tuliotumia daraja la miguu la Liwatoni tunajua maana ya kusimama kungoja meli ipite, ila lao linapanda, letu lilifunguka katikati.

Msichana kutoka upande wetu

Kuna jambo la mwisho kwenye gati hizo, nalo linatuhusu bila ya kulazimisha. Utajiri uliojenga yale majumba ulitokana na mvinyo, sukari, kahawa na watu. Kuanzia 1672 hadi 1837, wafanyabiashara wa Bordeaux walituma karibu safari 500 za watumwa, zilizochukua kati ya watu 120,000 na 150,000. Wengi walitoka Afrika Magharibi. Lakini mwishoni mwa karne ya 18 baadhi ya meli za Bordeaux zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema zikaja kununua watu Msumbiji na pwani hii ya mashariki. Ndio wakati uleule ambapo Mfaransa Morice wa Kisiwa cha Ufaransa, yaani Morisi ya leo, alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka.

Tarehe 10 Mei 2019, kwenye gati ya Louis XVIII, ilisimamishwa sanamu ya mwanamke wa shaba, kazi ya mchongaji wa Haiti Woodly Caymitte. Mwanamke huyo alizaliwa Afrika Mashariki, upande wa Ethiopia, mnamo 1765, na jina lake lilikuwa Al Pouessi. Alitekwa akiwa msichana, akanunuliwa na ndugu wawili wa Bordeaux walioitwa Testas, akabatizwa Modeste, na akapelekwa kwenye shamba lao la miwa huko Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Aliachwa huru mwaka 1795. Aliishi mpaka 1870, na mjukuu wake mmoja, François Denys Légitime, akawa rais wa Haiti mwaka 1888.

Sanamu hiyo haina jukwaa refu. Imesimama chini, mwenye kupita anaweza kumtazama usoni. Ilichukua muda mrefu kufika hapo. Kwa miaka mingi mji ulipenda kuzungumza juu ya mvinyo na mawe, na vikundi vya wananchi, wengi wao wenye asili ya Afrika na visiwa vya Karibi, vilidai bila kuchoka kwamba mawe hayo yaelezwe yalilipiwa na nini. Mwaka 2020 mji ukaweka pia vibao vya maelezo katika mitaa kadhaa yenye majina ya familia zilizofanya biashara hiyo. Majina hayakufutwa. Chini yake pameandikwa walichofanya.

Msomaji atakayejaaliwa kufika Bordeaux asiende saa yoyote tu. Atazame kwanza jedwali la maji, namna mvuvi anavyofanya, na achague bamvua maji yanapokuwa madogo. Aanzie kwa Modeste, kisha afuate gati kuelekea kusini, mto ukiwa kushoto kwake, kama dakika ishirini kwa miguu. Akifika darajani, kabla ya kuvuka, ainame atazame chini ya matao ya kwanza. Tope litakuwa wazi, na hapo ataona daraja lilikokalia.